Fremu ya Bluu Tuliyobishania

Kwako Baba Zuhura, huko uliko,

Nakuandikia nikiwa dukani, nimekalia stuli yako ile inayoyumba. Nimemaliza eda, nimerudi Kariakoo, na watu wamenipokea vizuri mno. Wananipa pole, wananipisha njia, hakuna anayenibishia neno. Hilo ndilo linaloniumiza. Tangu uliponioa sijawahi kumaliza siku nzima bila kubishiwa.

Unakumbuka nilivyoanza kuingia humu? Nilikuwa fundi cherehani, nakuletea chakula cha mchana na Zuhura mgongoni, nakukuta umepiga magoti mbele ya baiskeli za mtumba. Umezipindua, matumbo juu, unazikwangua kwa ukucha. Nikakuuliza unatafuta nini, mbona jina limeandikwa ubavuni. Ukacheka. "Stika ni kanga, mama Zuhura. Hata mimi nikijifunga kanga yako sitakuwa wewe." Ukanieleza kwamba hapa mjini fremu ikishuka tu inapakwa rangi upya na kubandikwa jina lolote linalouzika wiki hiyo, kwa hiyo anayetaka kuijua aanzie chini, kwenye namba iliyogongwa chumani na kwenye mishono ya mabomba.

Baiskeli za milimani ndizo zilizokutia wazimu, hasa zile za zamani za chuma. Nilikuwa nakutania kwamba Dar nzima mlima wetu ni ule wa kutoka Jangwani kupanda Magomeni, na hata huo wewe unashuka unakokota. Hukujali. Ulinionyesha breki ya nyuma iliyofichwa chini, karibu na pedeli, ukaniambia huo ulikuwa mtindo wa muda mfupi. Matope yalijaa humo, watu wakauacha, basi ukiuona ujue umeshika kitu cha siku nyingi. Ulinifundisha kugonga bomba kwa ukucha na kusikiliza unene wake. Nami nilikufundisha kutazama mishono, usijifanye umesahau. Wewe ulikuwa unaangalia kama imeshika. Mimi nilikuwa namuangalia aliyeshona.

Halafu ikaja ile ya bluu. Haina jina, haina stika, mtu kaipiga msasa mpaka namba imeliwa nusu. Breki iko chini. Mabomba membamba, yameungwa kwa shaba na kusuguliwa mpaka huoni yanapokutana. Ukaipindua mara moja tu. "Mjapani huyu. Ona usafi." Mimi nikaona pale chini ya kiti, miguu ya nyuma inapopanda kukutana na bomba la kati, ncha zake zimechongwa mfano wa jani. Nikakuambia Mjapani angekuwa ameshamaliza kazi, kaenda zake nyumbani. Huyu alibaki akachonga jani lisiloshika kitu chochote. Huyu ni Mtaliano.

"Mtaliano umemuona wapi wewe?"

"Na wewe Mjapani ulimuona kwenu Lindi?"

Ushahidi ulikuwa ndani, kwenye vile vikombe viwili vya chuma vinavyobeba ekseli ya pedeli. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kwenye baiskeli karibu zote zinazopita mikononi mwetu, kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kinyume, unageuza kama vile unakaza. Wataliano wana ukaidi wao, vikombe vyao vyote viwili hufunguka kama nati ya kawaida, na ni vipana kidogo. Tungekitoa kimoja tu, ubishi ungekwisha. Cha kushoto kutu ilishakila, hakikuwa na pa kushika spana. Cha upande wa cheni kiligoma. Ukakimwagia mafuta ya taa, ukakilaza, ukarudi kukigeuza mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Nilipoleta nyundo ukaninyang'anya. "Chuma kikigoma kiache. Kesho kitakuwa na adabu."

Hiyo kesho tuliingoja sana. Siku Jangwani ilipofurika tukashindwa kuvuka kurudi nyumbani, tulikaa humu na karanga zetu, tukabishana Mjapani na Mtaliano mpaka mvua ikachoka. Sikukuambia siku ile, lakini nilikuwa na raha ambayo sijui kama kuna mwanamke mwingine mjini aliyekuwa nayo. Kisha presha ikakuchukua, na fremu ikabaki inaning'inia ukutani.

Sasa nina upweke, Baba Zuhura. Zuhura ananipigia simu kutoka kwa mumewe Dodoma, "Mama, funga hilo duka upumzike." Hajui kwamba nyumbani ndiko kunakochosha. Juzi nilimwambia mteja makusudi kwamba fremu ya aluminiamu inaliwa na kutu kuliko ya chuma, nikasubiri anibishie. Akaitikia, "Sawa, mama." Basi. Nikaona aibu, nikamwambia ukweli.

Kilichokuwa kinanishikilia ni ile ya bluu. Kila nikiipita nilikusemesha kimoyomoyo, nawe ulinijibu, maana majibu yako nayajua yote. Wiki hii akaja bwana mmoja wa Ilala anayefufua baiskeli za zamani. Akaipindua kwanza, nikampenda. "Mama, hii naitaka, ila niambie ilikotoka." Nikamwambia anipe siku mbili.

Jana mchana nikaishusha. Nikatia spana upande wa cheni, nikageuza kinyume kama ulivyonifundisha, hola. Nikapumzika. Niliposhika tena, mawazo yalikuwa kwako, na mkono ukaenda wenyewe ulivyozoea kwenye skrubu za cherehani, ule upande wa kawaida. Kikalia. Kikafunguka.

Muda wote ule, mume wangu, tulikuwa tunakikaza. Ulikuwa na hakika na Mjapani wako kiasi kwamba hukuwahi hata mara moja kujaribu upande wa pili. Nilikilinganisha na kikombe cha kawaida kutoka kwenye kopo lako, kikakizidi upana. Ni Mtaliano.

Nikasema kwa sauti, "Umeona?" Nikasimama na spana mkononi nikisubiri unitafutie sababu, maana wewe hukosi. Kishor, jirani yetu wa duka la vitasa, akachungulia. "Mama Zuhura, kuna mtu humo?"

Nikamwambia hakuna.

Watu wamezika, wamesoma hitima, mimi nimekaa eda mpaka nimeimaliza, na neno hilo nilikuwa sijalitamka bado. Nililia hadi Kishor akaniletea maji. Alidhani nimejikata.

Yule bwana wa Ilala anakuja kesho na sijui nitamwambia nini. Ushindi huu siutaki. Njoo unibishie mara moja tu, hata ndotoni, nami nitaapa mbele ya Kariakoo nzima kwamba ni ya Mjapani.

Mkeo mbishi,
Mama Zuhura