Kitabu Alichotuachia Bwana Okabe

Bagamoyo,
Jumapili, 24 Agosti 1975

Kwa kaka yangu Mwinyijuma,

Shikamoo kaka. Nyumba nzima inakusalimu, na kabla ya yote tunataka kujua kama kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha. Mama anasema unywe maji ya tangawizi hata kama wenzako wa chumbani watakucheka. Sisi huku wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linanyamaza. Baba yuko Msata tangu Jumatano, amefuata mahindi. Mfungo unakaribia na mama ameshaanza kutafuta iliki kwa majirani.

Barua yako ya tarehe saba tumeipata. Umeandika kwamba Mwishehe, mtoto wa Maalim Salumu, asije tena kukaa kwako Tanga atakapomaliza kidato cha nne, na kwamba nafasi uliyomwombea ya kujifunza kazi hapo karakana kwenu utampa mtu mwingine, kwa sababu huwezi kumdhamini mwizi. Kaka, nakuomba usimpe mtu nafasi hiyo kabla hujaisoma barua hii yote. Ni ndefu, nisamehe. Mimi nikisema kwa mdomo maneno hunipotea, unanijua. Nikiandika angalau yanafuatana.

Inabidi nianze na sinema. Unamkumbuka Bwana Okabe, yule kijana wa Kijapani aliyekuja kuwafundisha wavuvi kutengeneza mashine za boti. Tangu Aprili alikuwa akileta mashine yake ya sinema shuleni kwetu kila Jumamosi baada ya usafi. Tuliziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi, yeye akatundika shuka. Sinema zenyewe hazikuwa za watu. Zilikuwa za michoro inayotembea, hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande, kila Jumamosi kipande chake. Palikuwa na msichana mwenye mwavuli na rafiki yake, mtu wa chuma mrefu kama mnazi, wanatafuta njia ya kurudi kwao. Walizungumza Kijapani kitupu. Kiswahili cha Bwana Okabe kilikuwa cha salamu na cha spana, kwa hiyo tukimuuliza kwa nini msichana analia alijibu, “Huzuni,” akaishia hapo.

Wanafunzi wengi waliangalia, wakacheka, wakaenda kucheza mpira. Wanne hatukuweza kuiacha. Mimi, Mize wa darasani kwetu, Husseni wa kidato cha tatu, na Mwishehe. Msichana tulimpa jina la Sihaba, na yule wa chuma tukamwita Bwana Chuma. Kwa kuwa hatukuelewa maneno, kila mtu alikuwa na maana yake, na ili tusigombane bwaloni tukaanzisha daftari la maoni. Kila mmoja aliandika alichoona na alichofikiri, akatia sahihi. Husseni hakujali mtu isipokuwa mashine. Aliandika kurasa nzima kuhusu magoti ya Bwana Chuma na namna yanavyopaswa kutiwa mafuta. Mize aliandika kwamba Sihaba ana macho makubwa kama visahani na bado haoni jinsi anavyopendwa. Mimi niliandika sana, mpaka Husseni akasema maoni yangu ni risala ya kumsomea mgeni rasmi. Mwishehe aliandika mistari miwili tu, na ndiyo tuliyobishania wiki nzima.

Mwisho wa Juni tukaona kipande ambacho Bwana Chuma anaingia motoni ili Sihaba apate kutoka. Moshi ukajaa shuka zima, sinema ikakatika. Jumamosi iliyofuata Bwana Okabe alikuja kuaga, muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Hakuwa na vipande vingine. Badala yake alitupa kitabu kinene cha michoro, akatueleza kwa mikono kwamba hadithi iliyobaki imo humo. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani, kurasa hazikuwa na namba, na maandishi yao yalisimama wima, hayakutusaidia lolote.

Mwaka huu mimi ndiye mtunza maktaba. Nilikivika kitabu kile karatasi ya kaki, nikabandika kibandiko mbele, nikaandika kwa hati yangu nzuri: Hadithi ya Sihaba, kisiondolewe bila kuandikishwa. Nilijisifu moyoni.

Nikawa wa kwanza kukisoma, kisha Mize, kisha Husseni. Kaka, tuliumia. Mwanzoni Sihaba na Bwana Chuma wamekumbatiana ufukweni. Kadiri unavyofunua, ndivyo anavyompunguza. Leo anamtoa kichwa, kesho mkono, mara mguu, mpaka Bwana Chuma anakuwa vipande vimefukiwa majivuni, naye anaondoka peke yake na mwavuli wake, hata nyuma haangalii. Husseni aliandika kwa wino mwekundu kwamba msichana huyu hafai, amemla rafiki yake kidogo kidogo. Mize aliapa kwamba hata kitabu chenyewe hatakigusa tena.

Lakini jambo moja lilininyima raha. Bwana Chuma tulimwacha motoni. Amefikaje ufukweni mzima? Nilichunguza mshono wa kitabu nikaona vijipande vya karatasi vimebaki, vimechanika kama meno ya msumeno. Nikawaambia wenzangu kwamba pana kurasa zimetolewa.

Baada ya hapo kitabu kikaenda kwa Mwishehe. Alikichukua Ijumaa, akakirudisha Jumatatu, na katika daftari akaandika hivi, nimenakili: “Sihaba ndiye shujaa. Amerudi peke yake, amemtafuta rafiki yake majivuni, amemuunga kiungo kwa kiungo mpaka amesimama.” Tuliyasoma maneno hayo sisi watatu tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyeona Sihaba akirudi. Mize alisema kwa sauti ndogo kwamba mtu huyu ameona kurasa ambazo sisi hatukuonyeshwa, labda alizichana siku ile ile Bwana Okabe alipotupa kitabu. Husseni akasema labda anaandikiana na Mjapani kwa siri, na kama ni hivyo basi mbaya zaidi.

Tangu siku ile nikawa namtazama. Nyuma ya daftari langu la hesabu niliandika kila nililoliona, na tarehe zake. Kwamba aliniuliza ni wangapi wamesoma kabla yake. Kwamba alikuwa akitabasamu tukibishana. Kwamba kwenye ukuta wa chuo cha Kurani cha baba yake watoto wamechora kwa makaa mkono wa chuma ukitiwa begani, na vidole vyake vitano, wakati katika kitabu chetu mkono ule ulikuwa ukitolewa, si kutiwa. Nani aliwaonyesha? Tulipomuuliza waziwazi alisema yote yamo kitabuni, tutazame vizuri. Nilikaa maktaba mchana mzima nikipitia ukurasa mmoja mmoja kwa rula, nikianzia kwenye kibandiko changu. Hamna. Mwishehe alipita mlangoni, akaniona, akacheka. Kicheko kile kilinichoma, kaka.

Habari zikamfikia Mwalimu Majaliwa, msimamizi wa maktaba. Alimwita Mwishehe ofisini, nami nikaitwa nishike kitabu. Mwalimu akamuuliza kama amechana kurasa. Mwishehe akaanza kusema, “Mwalimu, kitabu hiki ukikifungua,” na mwalimu akamkata, akamwambia hakuomba hadithi, anataka ndiyo au hapana. Akasema hapana. Mwalimu akakifunua mwenyewe toka kwenye kibandiko, akamuuliza hayo aliyoyaandika yako wapi. Mwishehe akanitazama mimi, kisha akatazama chini, hakujibu tena. Alivuliwa ukiranja na kusimamishwa masomo wiki mbili kwa kuharibu mali ya umma, na mtihani wake wa Novemba unamsubiri.

Mji wetu unaujua. Siku ya pili watu walikuwa wanamuuliza Maalim Salumu, kama mwanawe anachana vitabu, wao wamletee watoto wao awafundishe nini. Wazazi wawili waliwatoa watoto chuoni. Mama naye akaniita nikamwandikia barua kwako, kama kawaida, yeye akisema mimi nikiandika, na hapo ndipo ulipopata habari za mwizi.

Hata hivyo sikutulia. Niliona kama sijampata mpaka nizipate kurasa zenyewe. Tarehe tisa mwezi huu nilikitia kitabu ndani ya kikapu, nipate kulinganisha kurasa nikiziona, nikaweka visheti juu, nikaenda kwa Maalim kama niliyetumwa na mama. Bi Chausiku, mama yake Mwishehe, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaingia jikoni kuchemsha chai. Ukumbini akabaki Tatu, kitinda mimba wao, wa miaka sita, ndiyo kwanza ametoka chuo. Nikamhoji taratibu kama polisi. Je, kaka yake amewahi kumwonyesha picha za msichana wa mwavuli? Akasema ndiyo, wote wa chuo wameziona. Akanieleza bila kusita. Anakuja, anakuta mkono kwenye majivu, anaufuta, anatafuta mwingine. Nikamwambia anionyeshe kaka anakozificha picha hizo.

Tatu akaangalia kikapu changu, kona ya kitabu imechomoza, akasema, “Si hicho hapo?” Alikitoa kitabu chini ya visheti, akakaa mkekani, akakigeuza. Kibandiko changu kikalala chini. Akakifungua kwa upande wa pili, kama wanavyofungua juzuu kila asubuhi, na ukurasa wa kwanza alikuwepo Sihaba, peke yake na mwavuli, anakuja.

Nilimwambia, “Mwanangu, unaanzia nyuma.”

Akanitazama kwa huruma. “Wewe ndiye unaanzia mwisho, dada. Ukianzia mwisho, si atakufa?”

Nilifunua pale pale, kwa upande wake yeye, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka wakakumbatiana ufukweni. Hakuna ukurasa uliopungua. Vile vipande vya mshononi ni mabaki ya jalada lililong'oka kabla kitabu hakijafika kwetu. Na mimi, kaka, nimesoma kwenye mkeka ule ule miaka sita, kwa baba yake Tatu, nimefungua juzuu toka kulia kabla sijajua a wala be. Lakini kitabu hiki kilikuwa cha shule, kimetoka kwa mzungumza Kijapani, kimepita maktaba, na haikunijia hata mara moja kwamba kitu cha shule kinaweza kufunguliwa kama cha chuoni. Nilikivika nguo kinyume, nikawafanya watu wote wasome kinyume. Watoto wa chuo hawakuusoma wino wangu, wakaelewa.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya niandike. Nimekuambia habari zilimfikia Mwalimu Majaliwa. Hazikumfikia zenyewe. Mimi ndiye niliyempelekea, na daftari langu la tarehe mkononi. Husseni na Mize walinikataza, walisema tumalizane wenyewe. Sikuwasikia. Tena nilipotoka kwa Maalim tarehe tisa nilijua kila kitu, nikanyamaza wiki mbili. Niliona aibu kwamba kosa lilikuwa la kibandiko changu. Nilimwona Mwishehe akipita na jembe la baba yake saa za masomo, nikapinda njia. Na barua yako ilipokuja na mama akaniambia nimsomee, nilipofika kwenye mstari unaosema Mwishehe asije, niliuruka. Nikasoma habari za mvua ya Tanga kama vile hakuna kitu katikati. Kwa hiyo kwa Maalim hawajui mpaka leo. Bi Chausiku bado anamshonea mwanawe foronya ya kuja nayo kwako.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Majaliwa na kitabu. Nilidhani nitalia, sikulia. Alikifungua toka kulia, akapitia chote. Kisha akasema na yeye amesoma chuo utotoni. Nimeondolewa maktaba. Kesho atamrudishia Mwishehe ukiranja mbele ya wanafunzi wote mstarini, nami nitasimama niseme nilichofanya.

Kutoka hapo nikaenda kumwomba Mwishehe radhi. Nilimkuta anakwangua ule mkono wa makaa ukutani, baba yake amemwambia aufute. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza. Akasema, “Nilidhani utaona mwenyewe. Wewe si ndiye msomaji?” Kisha ilipofika ofisini akaona akilieleza mbele ya mwalimu nitaonekana sijui kazi yangu, na mwalimu naye hakumpa nafasi. Aliyasema bila hasira. Lakini nilipokuwa naondoka aliniambia nisirudi tena kwao na kikapu. Alikuwa amejua nilifuata nini. Sijui kama amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza mara mbili.

Hajui kwamba nakuandikia, wala hajui kwamba ulimkataa. Basi kaka, usimwandikie kwamba amesafishwa, maana hakuwahi kuchafuka. Mwandikie tu siku ya kufika na gari la kupanda. Kuhusu mimi, andika unavyoona. Jioni hii, kabla habari hazijatoka mstarini kesho, nitamsomea mama barua yako tena, safari hii pamoja na mstari nilioruka. Na jibu lako likija nitalisoma lote, kwa sauti, hata kama baba atakuwa amekaa hapo.

Mama anakusalimu, anasema ukija Idi ulete dagaa wa huko uliowasifia. Bibi anakuombea dua. Wasalimie wote unaokaa nao, na Mungu akulinde kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Ashatu