Mstari Mweusi Kwenye Kidole Gumba cha Mama

Jumapili, Eldoret. Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Naogopa, na sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika hapa.

Mama amekuja leo kutoka Moiben na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, amekifunga kwa leso kama mtoto. Wiki hii kuna harusi ya binamu yangu, na Mama anataka kucha nyekundu, za kuonekana toka barabarani. Kazi yangu ni kucha. Nikamkalisha, nikachovya mikono yake kwenye maji ya uvuguvugu.

Kidole gumba cha kulia kina mstari mweusi, kutoka kwenye mzizi wa ukucha hadi kwenye ncha.

"Ni makaa ya kibuyu hiyo," akasema. "Si unajua vile tunasugua ndani? Wee paka tu."

Kila mama kwetu ana weusi huo mikononi, kwa hiyo nilimwamini. Nikasugua kwa brashi na sabuni. Nikasugua tena. Mstari uko ndani ya ukucha, mpana zaidi huku chini, kingo zake zimefifia, na weusi umevuka ukaingia kwenye ngozi.



Tulipokuwa tunafundishwa kazi, daktari wa ngozi alituonyesha picha. Sisi watu weusi wengi wetu tuna mistari kwenye kucha, alisema, na mara nyingi si kitu. Lakini ukiona mmoja peke yake, unapanuka, umegusa ngozi, usiupake rangi. Unaweza kuwa saratani. Mtu aende hospitali haraka.

"Mama, inauma? Ulijigonga?"

"Hata kidogo. Mbona unaniangalia hivyo?"

Heri angesema inauma, alijigonga.

Nilipaka kucha tisa. Nikamdanganya kwamba kidole gumba kina fangasi, kesho asubuhi tutapitia kwa daktari. Akacheka, eti ataenda harusi na kidole uchi. Lile neno sikulitaja.

Sasa amesinzia kwenye kiti, mikono mapajani, rangi bado inakauka. Nimemimina mursik, nikakwangua masizi ndani ya kibuyu, nikajisugua ukucha wa gumba mpaka ukawa mweusi kama wake. Kisha nikaenda kunawa, nikimwomba Mungu yasitoke, ili Mama awe amesema kweli.

Yametoka kwa maji ya kwanza.