Kopo la Grisi kwa Cherehani cha Mama

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, bado inavimba jioni? Na Ujiji mvua zimewaachia mkaanika dagaa? Mimi ni mzima. Nimechoka mikono tu, maana asubuhi nabeba zege Area D, mchana naenda kwa fundi Mathayo, anayetengeneza vyerehani vya zamani vya mota. Lakini nakula nashiba.

Hili ningeweza kulisema kwenye simu, ila ningeona aibu.

Juzi mjane mmoja wa Chamwino alileta cherehani cha marehemu mama yake. Mota inanguruma, haizunguki. Fundi akamshauri anunue nyingine. Mjane akakataa, akabaki ameishika kama mtoto mwenye homa. Basi fundi akanisogezea bisibisi, akasema fungua wewe tuone. Hakuwahi kuniachia mota kabla ya siku hiyo.

Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, kimeganda kama gundi. Fundi akanusa, akamgeukia mjane.

"Mama, ulikuwa unashona au unakaanga?"

"Kwani mafuta si mafuta? Hiyo alizeti nimelima mwenyewe."

Tukacheka wote. Halafu mimi nikakumbuka mawese.

Mama, cherehani chako nilikitia mawese mimi, wiki ile ya kuondoka, nikijua nakufanyia wema. Kilipogoma ukaulaumu umeme. Sikukwambia kwa sababu sikujua. Sasa najua.

Ile mota niliifuta yale mafuta yaliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, waya sikuzigusa, nikaiacha ikauke mpaka kesho yake. Kisha grisi kidogo sana kila tundu, maana ikizidi inakamata vumbi, na huku vumbi tunalala nalo. Tulipoiwasha ilikwama kidogo, ikazunguka. Mjane alivua kanga yake begani, akaishona pindo palepale kwa cherehani hicho.

Kwa hiyo yule mnunuzi wa chuma chakavu uliyesema atarudi, mwambie cherehani chako hakiuzwi. Hakijafa. Kopo la grisi analo mama mdogo Zuhura, anakuja na treni pamoja na barua hii. Msikifungue. Kifunike kwa kitambaa, zege likiisha nakuja kukifungua mwenyewe.

Nisalimie baba mkubwa, na jirani yetu muuza mkaa. Dada mpishi mwambie mawese yaishie jikoni.

Ni mimi mwanao, niliyekiharibu,
Juma