Kaseti za Kusikiliza Garini, na Ile ya Mdogo Wako

Mwemezi, Baraka
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Patrice,

Pokea salamu zetu sote, wewe, mke wako Espérance na watoto. Mgongo uliokusumbua wakati wa theluji umepoa? Na Espérance amezizoea zamu zake za hospitali, au bado anarudi asubuhi akiwa hana hamu hata ya chai? Sisi huku ni wazima. Mimi nina kikohozi cha vumbi la kiangazi, si cha kutisha. Mama yako Rosette yuko vizuri kule Lweba. Mihogo yake imekauka, na goti halimzuii tena kwenda kanisani kwa miguu. Ziwa limetulia na ndagala zimejaa sokoni.

Barua hii na flash anakuletea Henri, jirani yako wa Winnipeg aliyekuja kumzika baba yake. Mtandao wetu haukuweza kubeba nyimbo zote. Nilijaribu, simu ikabaki inazunguka mpaka ikazimika. Umshukuru Henri, kwa maana pamoja na msiba wake alipita kwa mama yako kumsalimu.

Uliniandikia kwamba garini bado unapiga nyimbo zilezile tulizocheza kwenye harusi yako, na kwamba watoto wameanza kuziba masikio. Ukaniomba nikuchagulie kaseti mpya, za pop na za rock, zisizomtaka mtu awe mtaalamu. (Unakumbuka kwamba albamu huku bado tunaiita kaseti, ingawa hakuna aliyeiona kaseti yenyewe miaka mingi.) Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya redioni kila Jumamosi, nikishamaliza juma zima la habari za barabara, shule na bei ya unga: nawachagulia muziki mpya mafundi cherehani, akina mama wa sokoni na vijana wa pikipiki, watu wasio na muda wa kuutafuta.

Anza na *Maji ya Bomba* ya Bijou wa Kavimvira, msichana wa Uvira. Ni pop ya kuoshea vyombo, na nasema hivyo kwa kuisifu. Sauti yake ni ndogo, naye anajua kwamba ni ndogo, kwa hiyo hailazimishi. Usianzie wimbo wa kwanza, umerefushwa bure. Anzia wa pili, ule wa foleni ya ndoo. Kiitikio chake watoto wako watakishika kabla hamjafika shuleni. Nyimbo mbili za mwisho ni za Kifaransa na zinafanana mno. Ukizipita hujakosa kitu.

Ya rock ni *Zamu ya Usiku*, ya kundi la Tanuru, vijana wa Lubumbashi. Neno rock lisikutishe. Gita zinanguruma, ndiyo, lakini chini yake kuna sebene uliyokulia, na mguu wako utapata pa kukanyaga. Isikilize ukiwa peke yako barabarani, kwa sauti ya juu. Kwa sauti ndogo inageuka kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Mwimbaji anameza maneno. Mpaka leo sijui kama katika wimbo wa nne analilia mwanamke au mkandarasi.

Kaseti ya tatu kwenye flash ni ya mdogo wako Wilfried. Inaitwa *Karabai*, kwa ajili ya zile taa za wavuvi, na yenyewe ina habari ndefu kidogo.

Unajua kwamba mama yako alimpa Wilfried muda mpaka kiangazi. Kaseti ikipokelewa, aendelee na muziki. Isipopokelewa, aweke gita chini aende Kazimia kwa mjomba Raphaël kwenye biashara ya samaki. Raphaël alishamwekea kitanda. Wilfried hadharau samaki, lakini tangu umtumie ile gita hajawaza kitu kingine. Na hapa kwetu, kaseti ya rock isiyopita kwenye kipindi changu haina mahali pengine pa kupita.

Alimaliza kurekodi mwezi wa tano, katika chumba kilichozungushiwa magodoro nyuma ya soko. Akaniletea. Nikavaa visikilizi nyumbani. Wimbo wa kwanza mzuri. Wa pili nikautilia shaka. Wa tatu, "Vuta Wavu", ndio bora wa kaseti nzima: gita inapanda pole pole, ngoma zinaifuata, unaona kabisa kwamba kuna kitu kinakuja. Hapo gita ikanyamaza, na Wilfried akaanza kutupa mabanga.

Libanga unalijua, ni lile jina la mtu linaloitwa katikati ya wimbo kumpa heshima, mara nyingi kwa sababu amelipa. Ya Wilfried hakulipwa hata moja. Aliita kila aliyemsaidia: aliyemuuzia nyaya, mwalimu wake wa shule, mchungaji, mama, mjomba Raphaël. Halafu, kwa sauti kubwa kuliko zote, akamwita kaka yake mkubwa: "Yaya Élie, sikio ya Baraka!"

Nikavua visikilizi. Kuna sheria niliyoiweka mwenyewe na kuitangaza hewani: mtangazaji aliyetajwa ndani ya kaseti haipigi wala haipendekezi. Kabla yangu kulikuwa na mtangazaji aliyemsifu kila aliyemwita jina, mpaka wasikilizaji wakampachika Monsieur Libanga. Sikutaka kurithi jina hilo. Kwa kuniheshimu, mdogo wako alikuwa amejifungia mlango mmoja aliokuwa nao.

Kesho yake akaja redioni. Nikamwambia atoe jina langu. Akadhani natania.

"Yaya, mi nilikuita juu ya heshima. Bengine banalipa juu baitwe, we unakataa ya bure?"

"Sheria unaijua. Unaisikia kila Jumamosi."

"Ile sheria ni ya bale benye kuuzisha kinywa. We hauuzishe."

"Mtu anayenisikiliza Kilembwe atajuaje kwamba siuzishi?"

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Lakini yaya, kuita muntu mukubwa kisha kutosha jina yake, kuiondoa, ni kama kumuzika. Mama atanifukuza."

Hakukosea. Jioni mama yako alinipigia simu, na hakuanza na salamu.

"Élie, jina yako inakuwasha?"

"Mama mudogo, jina linanifunga kinywa."

"Sasa kifungue! Kinywa ni yako."

Niliona hatutaelewana. Kama jina lisingetoka, ilibidi nitoke mimi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu nikamwachia kiti Umulisa, mwenzangu wa habari za soko na mashamba. Kwao ni milimani, ameimba kwaya miaka mingi, na gita za makelele hazipendi. Nilimwambia yote: ni ndugu yangu, nimetajwa ndani, na mama yake anasubiri. Aliniuliza neno moja.

"Na nikiona ni mbaya?"

"Sema mbaya."

"Hewani?"

"Hewani."

Siku hiyo nilikwenda Lweba kusikiliza nyumbani kwenu. Nikakuta redio juu ya kiti, majirani wameketi, na mjomba Raphaël amefika kutoka Kazimia tayari kumchukua kijana. Wilfried alikaa pembeni akiipa redio mgongo, kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Umulisa akapiga wimbo wa kwanza, akasema kijana huyu anapiga gita kama mtu anayejua anakoenda. Mama yako akakaa sawa. Akapiga wa pili, akasema hapa ni makelele, amesikiliza mara mbili hakuelewa kitu.

"Huyu mwanamuke ni wa kwa nani?" mama yako akauliza.

"Muache," Raphaël akasema. "Anasema kweli."

Ukaja "Vuta Wavu". Majina yalipoanza, Umulisa akashusha sauti ya wimbo, akaingia yeye: "Wimbo ulikuwa unatembea vizuri. Sasa kijana amefungua école, anaita wanafunzi. Présent! Présent! Wakimaliza kuitika, sisi tumeshasahau wimbo ulikuwa unasema nini."

Uwanja mzima ulicheka. Raphaël alicheka kuliko wote, mpaka jirani mmoja akamwambia, "We mjomba, nawe uko mu ile liste. Itika basi: présent!" Akakoma kucheka. Wilfried ndiye hakucheka hata mwanzoni.

Umulisa akamalizia hivi, nami niliandika maneno yake papo hapo kwa mazoea ya kazi: "Atoe majina, aache wimbo ufike mwisho wake, na mimi nitaitafuta kaseti hii. Ninyi ambao kama mimi hampendi rock, hii itawafaa. Anzeni na wimbo wa kwanza na wa tano." Simu zikaanza kuingia. Mmoja, wa Kazimia, akaomba apigiwe tena ule wimbo wa wavu, lakini bila ile shule.

Raphaël akamtazama mpwa wake. "Wa Kazimia huyo," akasema. "Ni bateja yangu banakuomba."

Ikabaki ile habari ya kuzika. Aliyeifungua ni mama yako mwenyewe. Alifikiri, akafunga kitenge upya, akasema: "Ukitosha moja, umezika muntu. Ukitosha yote, hakuna mwenye umezika. Tosha yote."

"Hata yako, mama?"

"Hata yangu. Mi niko hapa, batu bananiona."

Raphaël alirudi Kazimia peke yake. Aliacha neno kwamba kitanda kiko palepale, na samaki hawaendi popote. Wilfried akarudi kwenye chumba cha magodoro, akaurudia wimbo wote. Jana Umulisa aliupiga tena, na kwa mara ya kwanza nikasikia kile kitu kilichokuwa kinakuja kinafika. Tangu asubuhi vijana wanapita kwa Wilfried na simu zao awawekee kaseti. Mama yako ameacha kuzungumzia kiangazi.

Mambo mengine ni ya kawaida. Paa la kanisa la Lweba limekwisha. Barabara ya Kilembwe wameitengeneza nusu, na ile nusu nyingine imebaki ya kushuka kwenye pikipiki na kusukuma. Eddy wa shangazi amefaulu mitihani yake na sasa anasahihisha Kifaransa cha kila mtu, hata cha mchungaji.

Sasa neno lililonifanya nichukue kalamu. Katika "Vuta Wavu" wa kwanza, kabla hajaurudia, jina lako lilikuwemo, Patrice. Ndilo aliloanza nalo, pamoja na jina la mji wako, ambalo alilitamka vibaya sana. Majina yalipotolewa, mama yako alitaka la kwako libaki peke yake, kwa kuwa gita ni yako. Wilfried akakataa. Akaniambia: "Patrice asikie kwanza. Nikimuita, atasema tu ni muzuri." Nilimsikiliza nikaona ameielewa sheria yangu vizuri kuliko nilivyoielewa mimi nilipoiweka.

Kwa hiyo halimo, usilitafute. Mimi ni ndugu na ni mtangazaji, hewani siwezi kuisifu kaseti hii hata leo, na humu sitaki kukutangulia. Weka "Vuta Wavu" garini, acha watoto wasikie, usikatize. Wapigie na watu wetu mlio nao huko. Halafu umwandikie mdogo wako unavyoiona. Ukiona ni mbaya, andika mbaya, Umulisa ameshamzoesha. Anasubiri neno lako kuliko alivyosubiri la redio.

Nisalimie Espérance sana, umwambie unga wa muhogo aliouagiza uko kwenye mzigo wa Henri. Wabusu watoto. Mama Rosette anakusalimu, mjomba Raphaël anakusalimu, Eddy anakusalimu kwa Kifaransa kilichonyooka, na Wilfried amesema hatumi salamu mpaka utakapokuwa umesikiliza.

Mungu awalinde kwenye barabara zenu za barafu, awape kazi isiyowavunja na usingizi wa kutosha.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda siku zote,

Élie