Miavuli ya Wakwe Kwenye Foleni ya Kura

Mama,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu najua hungekuwa na subira ya salamu. Yule mwalimu uliyemtaka ameingia Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi, na hapa lokesheni ya Kitale, mtaa wetu Waafrika, karibu kila mwenye kura alijitokeza. Yule Mzungu wa stoo ya mahindi ninakofanya ukarani, aliyesema tutabaki majumbani tukinywa pombe ya busaa, alipita na gari kutazama foleni yetu, akarudi tena kuhakikisha.

Ni ajabu mimi kukuandikia. Tangu nimwoe binti yako Nasimiyu, sijawahi kukutazama usoni. Mila yetu Wabukusu haina mchezo na mama mkwe. Ukiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma, na tukiwa na neno, wewe unauambia ukuta nami naujibu nikiwa nje. Hata siasa tulibishana hivyo. Wewe ulimtaka mwalimu, mimi nilimtaka yule mfanyabiashara wa mahindi. "Ewe ukuta," ulisema siku moja, "mwambie mwenye nyumba hii, mtu anayepunja mizani atapunja hata nchi." Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Unakumbuka siku ya kujiandikisha? Sheria ya wakoloni ilitaka elimu, au mshahara, au miaka mingi kazini, na wewe mkunga wa misheni ulikuwa navyo vyote. Ulipotokea na sare yako nyeupe, foleni ikakatika. Mabinti zako wote wameolewa mtaani, na ndugu za waume zao nao ni wakwe zako, kwa hivyo wanaume wakatimka kujificha nyuma ya kiwanda cha mbao. Mimi ndiye niliyewatangulia. Karani wa uandikishaji akakunja meza mapema, akasema watu hawa hawataki kura. Tulirudi kesho yake kujiandikisha, vichwa chini.

Ulikasirika, Mama. Ukuta wetu ulisikia mengi jioni ile. "Heshima gani hii ya kumnyima mtu kura? Siku yenyewe nitakuja na mwavuli, niufungue kabisa. Huo ndio ukuta. Mtu akiuona, asimame pale pale."

Siku yenyewe hukuifikia. Homa ya mapafu ilikuchukua, tukakurudisha nyumbani Bumula. Wakati wa kukuzika nilisimama mbali pamoja na wakwe wenzangu, nimegeukia migomba, nikalia huko huko. Nilikupenda sana, Mama. Hilo sikuwahi kuuambia ukuta.

Asubuhi ya kura niliamka na hofu. Kina mama wenye kura mtaani ni wachache, lakini kila mmoja ni mkwe wa watu tele. Wanaume wangekimbia tena, na Mzungu wa stoo angepata la kusema maisha yake yote. Basi Nasimiyu akachukua mwavuli wako mweusi. Yeye kura hana, shule aliiacha mapema ili awalee wadogo zake ukiwa kazini. Akaenda akasimama pale ambapo ungesimama wewe, akaufungua. Kina mama wakamwona, nao wakafungua ya kwao.

Wekesa, mume wa mdogo wake, alikuwa ameshainua mguu akimbie. Nasimiyu akamwambia bila kugeuka, "Shemeji, kwani umeona mtu? Si huu ni mwavuli tu. Simama." Akasimama. Na wengine wakasimama. Mwenye hoteli ya chai, yule jirani yetu Mkikuyu, akauliza, "Ati mvua iko wapi, na jua linawaka hivi?" Tulicheka foleni nzima, kina mama chini ya miavuli yao pia. Hakuna aliyetoka mpaka alipopiga kura. Nilijawa na fahari hata miguu haikuhisi uchovu.

Sikufichi, nilimpigia kura yule wangu wa mahindi. Amebwagwa vibaya. Hata hivyo nasema tumeshinda, na ukitaka kunicheka, una haki.

Barua hii Nasimiyu atakusomea kaburini Jumapili. Mimi nitangoja barabarani, kama inavyonipasa. Lala salama, Mama. Mwavuli wako tumeutundika karibu na mlango wa mbele, na sasa mimi pia napita mlango huo.

Hapa naomba asome kwa sauti, kwa sababu bado sijamwambia. Nasimiyu, misheni wana darasa la watu wazima jioni. Nimeongea nao, wanakungoja. Watoto nitabaki nao mimi, na ugali nitasonga. Mama, nakuahidi, nawe uwe shahidi: kura ijayo binti yako hatasimama pale kwa ajili ya kushika mwavuli. Atasimama kwa sababu ni zamu yake. Na akimpigia mwalimu wako, mimi nitanyamaza.

Ni mimi mkweo, wa nje ya ukuta.