Uliyoyafumua Nikiwa Nimelala

Zuhura, mke mwenzangu,

Batsinda si Ulaya. Nimeanza hapo ili usijifanye hujui ninataka kusema nini. Watu wana wajukuu Ubelgiji na Kanada, na wanaonana nao kuliko mimi ninavyokuona wewe unayelala upande wa pili wa mji huuhuu. Tuliachana siku za mwisho wa mwaka, viatu vyetu bado vina matope ya Kinigi. Ramadhani imekuja imeondoka. Mvua kubwa imekuja imeondoka. Siku ya Idi ulinitumia kwenye simu picha ya mwezi na nyota. Nile picha? Sasa vumbi la kiangazi limeingia hadi kwenye sufuria, na wewe ukipigiwa bado una kazi nyingi. Kazi gani hiyo isiyojua Jumapili?

Barua hii ninaisema, na anayeandika ni Mama Sifa, jirani yangu wa duka la nyuzi, maana shule mimi niliiona kwa nje tu, na siku hizi hata kwa nje siioni vizuri. Nimemwambia aipige picha aiweke kwenye kundi la ukoo la simu, kila mtu asome. Ananiambia, "Bibi, haya si mambo ya kundi." Nimemjibu kwamba macho yangu mliyajadili kwenye kundi hilohilo nami simo, basi na majibu yapite mlango huohuo. Andika, Mama Sifa. Usipunguze chumvi.

Jambo lenyewe ni hili. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anataka kuanza na la kulia, na amesema nisikawie. Mjomba wako Haruna alikuja na gari kunipeleka kupasuliwa, nikakataa kutoka ndani. Akaja tena, nikakataa tena. Mnaambiana kwamba bibi anaogopa kisu. Mimi niliyezaa wanne juu ya mkeka, niogope kisu cha daktari? Nimekataa kwa sababu yako, na leo nitakwambia kwa nini.

Wewe ndiye uliyesema twende Kinigi. Ulipata konji yako, likizo ya kazi, wenzako wa ofisini huko Kimihurura wakaenda Gisenyi kuota jua kando ya ziwa, wewe ukaja hapa Rwezamenyo ukaketi kwenye mkeka wangu ukasema, "Bibi, mimi nataka baridi. Nataka mahali pa kufuma na kutembea, basi." Siku ile nilikupenda nikataka kukutafuna. Tukabeba mfuko wa nyuzi mkubwa kuliko mfuko wa nguo, tukapanda basi hadi kwa mdogo wangu Mwajuma, kule juu ambako ukungu unaingia ndani bila hodi na watu wanaota moto mchana kweupe.

Mimi nilikuwa na sweta la Mwajuma, la kijani, kwa sababu kifua chake hakipatani na baridi ile na yeye hataki kuhama. Wewe ulikuwa na shali yako ya rangi ya udongo, na ile soksi uliyoianza zamani ambayo mpaka leo haijapata mwenzake. Tulikaa kando ya jiko la imbabura, mkaa unapasuka, sindano zinagongana, hakuna anayesema neno. Mwajuma akasimama mlangoni ameshika kiuno. "Hawa niliowapokea ni wageni au ni vyerehani?" Ulicheka mpaka ukapoteza hesabu ya vitanzi, ukaanza mstari upya, ukaupoteza tena.

Sijawahi kupumzika namna ile tangu nizaliwe. Ninakwambia hivyo nikiwa na hasira, ili ujue umeharibu nini.

Na zile asubuhi. Ukungu ukipanda kidogo ulikuwa ukinishika mkono, tunashuka kwa njia ya mikaratusi iliyolowa, harufu yake inafungua pua mpaka kwenye ubongo. Tunapita mashamba ya viazi, ya pareto, watu wanatuamkia na majembe begani. Wewe maneno hayakuisha. Bibi, tazama volkano imevaa wingu kama kilemba. Bibi, tazama yule mbuzi amepanda juu ya ukuta. Nikasema moyoni, mtoto huyu anafurahi, acha aseme.

Siku moja tukasimama juu ya lile bonde lenye majani marefu na maji chini. Ukanyoosha kidole.

"Bibi, wale misambi unawaona?"

Misambi nimewajua tangu utoto, ndege wale warefu wenye taji la dhahabu kichwani. Nikasema nawaona.

"Wako wangapi?"

"Wako wa kutosha. Umeanza lini kuuliza kama mtu wa sensa?"

"Wanafanya nini?"

"Wanacheza. Misambi hufanya nini kingine? Wazuri kweli."

Ukanishika mkono kwa nguvu, ukanirudisha nyumbani kwa njia ile ndefu isiyo na mawe, na kila penye tope ulisimama ukaningoja. Nikasema, tazama mjukuu ninaye. Nilimsifu Mungu kwa ajili ya mkono wako, Zuhura. Niliswali nikakuombea mume mwenye akili.

Tukarudi Kigali. Ukaniacha mlangoni na mfuko wa nyuzi, ukaondoka.

Siku za mvua nikalitoa lile sweta nimalizie mkono uliobaki. Nilipitisha kiganja mgongoni, nikapitisha kwenye bega, nikashuka kifuani, na vidole vikasimama. Mgongo ulikuwa wangu. Bega langu. Kifua kilikuwa cha mtu mwingine.

Unajua mimi nilifunzwa wapi. Buyenzi, kule Bujumbura wazazi wetu walikokimbilia, mama mmoja jirani alinifundisha kuning'iniza uzi kwenye kidole cha kushoto na kuingiza sindano kwa nyuma ya kitanzi. Ndivyo ninavyofuma mpaka leo. Vitanzi vyangu vinajikunja, vinabana, vina shingo ngumu kama mwenyewe. Nawe nilikufundisha hivyohivyo, hapa kwenye baraza hili, kwa spoku mbili za baiskeli ambazo marehemu babu yako alizinoa kwenye jiwe huku akikuita mke mdogo. Baadaye ukapata simu, ukawatazama wafumaji wa nchi za watu, ukaanza kurusha uzi kwa mkono wa kulia. Vitanzi vyako vimenyooka, laini, kama nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta. Ni vizuri. Nilikwambia siku ya kwanza kwamba ni vizuri. Lakini mimi sijawahi kufuma hivyo, na sitaamka siku moja nimefuma hivyo kwa bahati mbaya.

Nikampigia Mwajuma.

"Nani alishika sweta?"

"Sweta gani, dada?"

"Usinifanye mjinga. Lako, la kijani."

Akakohoa kwanza. Mwajuma akitaka kutafuta neno hukohoa. "Zuhura," akasema. "Kila ulipolala baada ya chakula cha mchana. Kulikuwa na matundu, dada. Vitanzi vimeponyoka vingi, vingine umeviruka. Alikuwa anafumua, anafuma upya, kisha anarudisha sindano palepale ulipoiacha."

"Na wewe unamtazama?"

"Mimi nilimchemshia chai."

Sasa Mwajuma akishafungua mdomo hafungi. Ndiye aliyeniambia habari ya bonde. Kwamba ulirudi siku ile ukaingia jikoni ukamlilia begani, ukamwambia hapakuwa na msambi hata mmoja. Palikuwa na majani na maji tu. Ulinionyesha bonde tupu, Zuhura, ukaniacha nilisifu.

Hapa nilimwambia Mama Sifa aweke kalamu chini kwanza.

Haya, tuendelee. Utasema ulifanya kwa huruma. Najua. Utasema, "Bibi, nawe ulisema unaona na ulikuwa huoni." Ndiyo, nilisema. Ulitaka niseme nini, kwenye matembezi mazuri, mtoto anafurahi, nimkate furaha yake? Ukungu ulikuwa mwingi, nikasema ni ukungu. Na hapa mjini nikasema ni taa mbovu. Mtu haoni kwamba haoni. Ndiyo sababu Mungu amempa watu wa karibu wamwambie. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Uliona kabla ya daktari, kabla ya Haruna, kabla yangu mwenyewe. Ukayapeleka kwa Mwajuma jikoni, ukayapeleka kwa mjomba wako kwenye simu, ukayapeleka kwenye kundi. Mwenye macho peke yake ndiye hukumpelekea.

Mjukuu wangu, nani alikufundisha hivyo? Kwa sababu mimi sikukufundisha hivyo.

Ulikuwa mdogo, umepoteza meno ya mbele, siku mama yako Hadija alipofariki. Nyumba hii ilijaa wanawake. Shangazi zako wakanivuta pembeni, "Mwambieni mtoto mama amesafiri, atazoea polepole." Nikawaambia waondoke mlangoni. Nilikuwa nimemzika mwanangu asubuhi ileile, lakini nilikupakata, nikakushika uso kwa mikono miwili nikakwambia, "Mama yako hajasafiri. Amekufa. Harudi. Lia, mimi niko hapa." Ulinipiga. Uliniuma hapa kwenye mkono. Kisha ukalala kifuani pangu, na kesho yake uliponiuliza tena nikakwambia tena vilevile. Hukuwahi kukaa dirishani kumngoja mtu asiyekuja. Watoto wangapi umewajua waliokaa dirishani?

Hilo ndilo nililokupa. Sikuwa na shamba wala nyumba ya kodi. Nilikupa neno la usoni. Na siku yangu ilipofika, wewe ukanipa bonde tupu na vitanzi laini.

Afadhali ungenitukana. Ungesema kule kando ya imbabura, "Bibi, umezeeka, sweta lina matundu kama chujio." Ningekurushia sindano. Tungenuna mpaka chakula cha jioni, halafu Mwajuma angetuchekesha, na kesho yake tungeshuka Musanze pamoja kumtafuta daktari. Badala yake ulinyamaza, na aliyenyamaza akaona haya, na mwenye haya akaanza kukwepa. Ndivyo ilivyokuwa, sivyo? Haruna ameniambia maneno yako: "Mjomba, siwezi kumtazama bibi akipapasa kikombe." Kwa hiyo nisipopapasa mbele yako nitakuwa sipapasi? Kikombe nakipapasa kila asubuhi, uwepo usiwepo. Tofauti ni kwamba ungekuwepo ungenisogezea, nami ningekwambia uache, na tungekuwa na la kuzungumza.

Haruna naye alichukua sindano zangu akaziweka juu ya kabati, kama mnavyowaficha watoto biskuti. "Mama, pumzisha macho." Nikamuuliza, "Kwani nilifuma kwa macho? Ningefuma kwa macho si ningeona matundu?" Mama Sifa akaniletea nyingine kutoka dukani siku hiyohiyo, na sasa hapa anatikisa kichwa hataki niseme. Andika, wajue nani ndugu yangu.

Na kifua cha sweta nimekifumua. Chote ulichofuma. Nilivuta uzi taratibu mpaka nikafika kwenye vitanzi vyangu, nikavipandisha kwenye sindano kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Mwajuma anakohoa kule juu na sweta lake halina kifua, nami linaniuma, lakini silifumi peke yangu tena na silifumiwi kwa siri.

Sasa sikiliza, maana hapa sitarudia. Hasira yangu ni kubwa na sijaimaliza. Ningekuwa sikupendi ningekwisha kwenda na Haruna, nikafanyiwa jicho, nikarudi, nikakusalimia kwa picha ya mwezi na nyota. Wananiambia watanifunika uso, niwe macho, nisikie wanavyofanya kazi juu yangu. Sawa. Lakini nikishikwa mkono gizani mle nataka kujua mkono ni wa nani, na kama mwenye mkono anaweza kuniambia ukweli. Nikiuliza "Imekuwaje?" nisijibiwe "Vizuri, bibi" na mtu anayetazama bonde tupu. Haruna ni mwanangu, lakini Haruna atasema vizuri hata nikitoka bila kichwa. Nimebaki na wewe. Nilikulea uwe mtu huyo, na ndiyo maana nimekataa kutoka humu ndani.

Daktari hatangoja milele, na jicho halitangoja hata kidogo. Kwa hiyo chagua kukaa Batsinda na haya yako, au uje.

Ukija, njoo Jumamosi, usilete juisi za boksi. Usimsalimie mtu mwingine kwanza. Pita, keti mbele yangu magoti yakigusana, unishike uso, useme, "Bibi, huoni." Nitakutukana, nawe uvumilie mpaka nichoke. Kisha unifunge mtandio vizuri, ufunge mlango kwa ufunguo, unipeleke.

Mke mwenzako,
bibi yako wa Rwezamenyo