Papa wa Jakaranda

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimepata kazi! Yangu mwenyewe! Ardo, yule mama wa duka la samaki wa mapambo Eastleigh, alifika kibandani kwetu hapa Jericho na picha kwenye simu. Papa-zulia. Papa mdogo, hafikii hata mita moja. Hujilaza chini ya bahari huko kusini mwa Australia, kati ya mawe na mwani, samaki wakampita puani bila habari. Ardo anataka nimchonge pamoja na makao yake, akae kwenye kaunta. Sharti moja: mteja asimwone mpaka amtafute.

Baba alicheka. Miaka arobaini ya twiga, papa hajawahi. Kisha akasema — nusura nijikate kidole — nikimaliza bila yeye kushika patasi, tezo ya babu, kile kishoka chake cha kuchongea, ni yangu. Tezo ya babu! Kaka yangu Ndolo ameimezea mate tangu aote ndevu.

Jumatano, 14 Mei
Mti wa jakaranda ni laini lakini una kiburi. Hivi vinundu vya mgongoni! Ukizidisha kidogo tu, papa anakuwa nanasi. Ndolo amepita akachungulia. "Sasa hii ni nini, siz? Mawe tupu?" Nimefurahi ajabu. Hajamwona!

Alhamisi, 15 Mei
Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Nilienda Jogoo Road kununua msasa. Kurudi — papa anang'aa kama kiatu cha mchungaji! Baba kampaka rangi ya viatu, mwili mzima. Kila kinyago chetu humaliziwa hivyo, kikapigwa brashi mpaka mteja ajione. Alidhani nimesahau.

"Sikushika patasi mimi. Nimeshika brashi tu."

Nilimwambia, Baba, huyu huishi kwa kutoonekana. Aking'aa hivi atakufa njaa. Sasa anaonekana kutoka Makongeni!

"Kazi isiyong'aa ni kuni," akanijibu, akaenda zake kunywa chai. Nimekasirika. Nampenda. Vyote viwili.

Ijumaa, 16 Mei
Msasa. Msasa. Vumbi mpaka kwenye meno. Rangi imetoka, ila imeng'ang'ania kwenye mashimo — na imeacha madoa meusi, yale yale ya kwenye picha! Baba kanisaidia bila kujua. Simwambii ng'o.

Jumamosi, 17 Mei
Ardo yuko hapa. Naandika nyuma ya gunia la maranda ya mbao, asiuone uso wangu. Ameinamia meza dakika ya tatu sasa.

"Kavata, mawe yako poa. Mwani pia. Lakini papa bado hujamweka?"

Ndolo amejiziba mdomo. Baba ameinua kidole amwonyeshe — kisha akakirudisha taratibu mfukoni.

"Tafuta, mama," amemwambia. "Yuko hapo."

Sauti yake! Namjua baba yangu. Hiyo si sauti ya kuni.

Ardo bado anatafuta. Na Baba pia anatafuta — amepiga magoti kwenye sanduku la vifaa, anatoa patasi moja moja, anafika chini kabisa, pale kwenye kile kitambaa kilichofungiwa tezo ya babu —